Uchina Inakuja Yenyewe

Godbless alipomsikia Masele, mwenye duka la asali karibu na stesheni ya Tabora, akiwauliza wapita njia umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, Uchina, alikotaka kwenda, alizima kirikuu chake, kigari cha kubebea mizigo, papo hapo. Riziki ikikuita hadharani, kuipita ni kukosa adabu.

"Shikamoo, kaka. Naitwa Salumu, Mzaramo wa Kisarawe."

Godbless alikuwa Mchagga wa Rombo. Lakini alisikia kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na kwamba mtani hafungiwi mlango.

"Mtani!" Masele akapiga makofi. "Karibu, mwizi mkubwa!"

Godbless alishtuka kidogo, kisha akaendelea. "Guangzhou ni kilomita elfu nane na ushee, saa kumi na moja hewani. Hizo ni ndege za washamba. Dunia si inazunguka?"

"Shuleni walisema hivyo."

"Basi ipo ndege inayopanda juu na kutulia. Uchina inakuja yenyewe. Saa mbili tu, unashuka. Na nauli si wanatoza kwa umbali? Wewe hujaenda popote!"

Masele, ambaye aliwahi kushuka basi la Nzega kabla ya kufika ili apunguziwe nauli, alifikiri sana.

"Mbona nikiruka hapa natua hapahapa?"

"Unaruka kifupi, mtani."

Jibu likawaridhisha wote wawili. Wakapatana: mavuno yote ya asali ya Masele kutoka Sikonge kwa kiti kimoja cha dirishani.

Kesho yake Godbless alifika Itetemia, nyumbani kwa Masele, kubeba madumu. Kirikuu kiling'aa. Kilikuwa kitu pekee maishani alichokipata kwa jasho lake, na mbele ya wajanja wenzake alikionea haya.

Uani alikaa Bibi Leonia, mama yake Masele. Tangu amzike mumewe, hakuna aliyemsikia akicheka.

"Ndiye mtani huyu? Tumezika bila Mzaramo hata mmoja wa kutusumbua. Mmechelewa."

Akainuka taratibu, akakizunguka kirikuu, akachomoa ufunguo na kuufunga kwenye pindo la kanga. "Hiki ni chetu."

Majirani wakashangilia. Msibani mtani huchukua apendacho kwa mtani wake, na anayenuna hujivunjia heshima. Hilo Godbless hakuwa amesimuliwa. Alicheka, akingoja ufunguo urudi. Haukurudi.

"Bibi, gari hilo ndilo maisha yangu."

"Na marehemu alikuwa maisha yangu. Umenuna?"

Godbless akapima. Akiuacha Uzaramo, ataulizwa habari za ndege. Lakini kirikuu ni kirikuu.

"Jamani, mimi si Mzaramo! Ni Mchagga wa Rombo! Hata ndege hakuna, nilikuja kuwaibia!"

Majirani wakamgeukia bibi. Kisha mabega ya Bibi Leonia yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakimtiririka, na Masele, kwa kumsikia mama yake, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Mzaramo halisi!" akasema bibi. "Uongo mtamu kiasi hiki, Mchagga ataupata wapi?"

Kadiri Godbless alivyoapa, ndivyo walivyozidi kuvunjika mbavu.

Jioni walimsindikiza stesheni kwa miguu, kwa heshima zote, na chupa ya asali ya njiani. Treni ilipoanza kusogea, Bibi Leonia akaifuata hadi dirishani.

"Salumu, mume wangu, ukirudi njoo na lori! Kirikuu hiki ni kidogo, asali yetu haienei!"