Daktari wa Miti na Mkangazi wa Mjane

Upepo ulikuwa umeangusha mti mmoja tu mtaani, nao ukalalia duka la dawa. Asubuhi watu walijaa kutazama. Wengine walitazama mti, wengine bati lililojikunja kama karatasi. Mtaalamu yeye alitazama nyuso za watazamaji. Kila mmoja, akishampa pole mwenye duka, aligeuza shingo upande wa nyumbani kwake, kwenye mti wake mwenyewe. Hofu ya namna ile, Mtaalamu alijua, haiachwi ikapotea bure.

Jina la Mtaalamu alijipa mwenyewe, maana hakuna chuo kilichokuwa tayari kumpa. Alishawahi kuwa mtaalamu wa viwanja, akauza kimoja kwa watu ambao mpaka leo hawasalimiani. Sasa, kabla mti haujaondolewa juu ya duka, akawa mtaalamu wa miti.

Mkewe alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza mama yake, na friji lilikuwa limesimama tu jikoni likinguruma. Akaliuza. Akakodi msumeno wa mashine na vibarua wawili, ndugu wa tumbo moja wasiopenda maneno. Akanunua kofia ngumu ya njano, na kile kipimo ambacho madaktari husikilizia vifua vya wagonjwa.

Kazi ikaanza. Aliingia uani kwa watu, akabandika kipimo kwenye shina, akafumba macho, kisha akatikisa kichwa taratibu, kama anayewapa ndugu habari ya msiba. "Umeoza kwa ndani," alisema. Mwenye mti alilipa ukatwe. Gogo lenyewe, zima na gumu kama siku ya kuumbwa, Mtaalamu alijitolea kulibeba akalichome mbali, ugonjwa usije ukaenea. Lililochomwa halikuonekana, ila seremala wa barabara ya chini hakukosa mbao. Mtaalamu alikula juu, akala na chini.

Ndipo alipouona mkangazi wa mjane.

Ulisimama nyuma ya nyumba, mnene kiasi kwamba watu watatu wasingeukumbatia wakashikana mikono, umeinamia ukuta wa jirani. Mtaalamu alipiga hesabu ya mbao mpaka mate yakamjaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mjane, mshonaji wa zamani aliyekuwa ameketi kibarazani na miwani puani. "Umekuja kusoma mita?"

"Nimekuja kwa ajili ya mgonjwa wako yule."

Akasikiliza mti kwa muda mrefu kuliko miti yote, akarudi kichwa chini. Umeoza.

Mjane akatoa leso. "Aliupanda marehemu kwa mkono wake. Moyo unakataa, baba."

Mtaalamu aliona tonge linateleza. Akasema atakata bila malipo. Leso haikushuka. Akasema tena atampa yeye mama kitu kidogo cha kufuta machozi. Leso ikashuka kidogo.

"Basi uniachie uwanja safi," alisema mjane. "Na vile visiki vya nyuma, na ule mti wa miiba, na kichaka cha pale chooni. Mti wa marehemu uwe wa mwisho, niuzoee msiba."

Wiki nzima Mtaalamu na vibarua wake waling'oa visiki, mikono ikatoka malengelenge. Kila jioni aliupiga mkangazi jicho, akapata nguvu mpya.

Siku ya siku msumeno ukauma shina, ukalia vizuri, halafu ghafla ukazama kama kisu kwenye papai. Ukamwagika unga mweusi, na mchwa. Ndani hamkuwa na mti. Palikuwa na ganda limesimama kwa mazoea.

Kuacha wasingeweza, maana ulishakatwa nusu na juu ya ukuta umeinama. Wakaufunga kamba, wakaushusha kipande kwa kipande, jasho likiwachuruzika na roho mkononi, mpaka jua likaegemea magharibi.

Mtaalamu akaenda kibarazani. "Mama, mti huu ni pango tupu."

"Si ulisema umeoza?" mjane alijibu bila kuinua macho kwenye sindano. "Mimi nibishane na daktari?"

Alikuwa akitafuta maneno ya kudai arudishiwe angalau kile kifuta machozi alichompa, mlango wa uani ukasukumwa. Akaingia jirani, mzee mwenye mabega ya polisi mstaafu, akamshika mkono kwa nguvu.

"Kazi safi, kijana. Miaka yote hii nalala nikiangalia dari. Mafundi wote waliukimbia mti huu. Mama alipokuja kuniambia amepata mtu, ila ni ghali, nikamwambia chukua fedha hizi, alipwe."

Mtaalamu alimtazama mjane. Mjane aling'ata uzi.

"Nimemlipa, afande," alisema. "Tumeelewana vizuri. Au siyo, mwanangu?"

Afande hakuachia mkono, alikuwa akisubiri jibu. Mtaalamu alifikiria kituo cha polisi, akafikiria watu wa kile kiwanja.

"Tumeelewana," alisema.

Vibarua walichukua msumeno, ule ule wa kukodi, badala ya ujira wao, wakaondoka kimya kama walivyokuja. Mtaalamu alipotaka kuwafuata, mjane alimnyooshea ufagio.

"Uwanja safi, tulisema."

Akafagia. Afande alivuta kiti, akaletewa chai, wakakaa wawili wanamwangalia.

"Na pale kwenye kona, baba," alisema mjane. "Majani yamebaki."