Ombi la Kuendelea Kuwa Marehemu

Miza Haitham
Duka la vitambaa, Buyenzi
Bujumbura

Kwa Bibi Chanelle,
Mwenyekiti, Umoja wa Washindi wa Kansa ya Titi
Kinanira

YAH: DAKIKA MOJA YA KIMYA MLIYONIFANYIA, NA MAOMBI YANAYOTOKANA NAYO

Bibi Mwenyekiti,

Assalaamu alaykum, na kwa kuwa wewe ni Mkristo, nakutakia amani pia kwa njia unayoipenda mwenyewe. Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya meza ya duka, mto mgongoni, chai pembeni. Nayasema haya mapema ili usishtuke, maana najua kwamba katika hesabu za umoja wako mimi ni marehemu tangu Oktoba. Sikuja kugombana. Nimekuja kushukuru, kulalamika kidogo, na mwishowe kuomba. Tafadhali soma ukiwa umekaa.

Kwa faida ya wajumbe wasionijua: mimi ndiye yule muuza vitenge niliyekatwa titi la kushoto miaka michache iliyopita, mkanipa tisheti ya waridi iliyoandikwa NIMESHINDA. Niliivaa kwa fahari, ingawa kama mtu wa vitambaa niliona tangu siku ya kwanza kwamba ile mnayoiita pamba ina nailoni nyingi. Mwaka huu mgongo ukaanza kuniuma, nikapigwa skana, na kansa ikaonekana mifupani. Watu wengi walilijua jambo hilo. Mimi nilikuwa wa mwisho, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Kuhusu jinsi nilivyoarifiwa. Dokta Loïc, ambaye ni mshauri wa umoja wenu na mtu mwenye adabu sana, alipopata majibu ya skana alimwita ndani kaka yangu Zayd, akafunga mlango. Mimi niliachwa kwenye benchi la nje. Silaumu, ndivyo tunavyofanya hapa, mgonjwa haambiwi asije akafa kwa kusikia. Zayd alitoka amevimba macho, akaniambia, "Apana Miza, ni baridi ya mifupa tu." Zayd ananipenda, hilo halina ubishi, ndiyo maana alidanganya vibaya vile. Usiku huohuo akamwambia mkewe, mkewe akawaambia binamu zetu, binamu wakaiambia Muscat. Na kule Muscat yupo Shangazi Ghada, ambaye hajawahi kuchelewa jambo maishani mwake. Haukupita muda nikapokea mzigo: tende, udi, na sanda iliyosuuzwa kwa maji ya zamzam, pamoja na salamu kwamba Mungu anipe subira. Masikini, alidhani najua. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa ugonjwa wangu, Bibi Mwenyekiti, kwa kitambaa. Nilikikagua. Ilikuwa pamba tupu, safi kabisa.

2. Kuhusu kijitabu chenu. Baada ya kumbana Zayd mpaka akalia na kusema kweli, nilikitoa kile kijitabu mlichotugawia nikakisoma tena, jalada hadi jalada. Kinasema ukigundua mapema unapona. Kinalisema hilo kila ukurasa, na kuna picha ya mama anajipapasa mbele ya kioo huku anatabasamu, sijui kwa nini. Nikatafuta ukurasa wa yule aliyechelewa. Nikatafuta ukurasa wa yule aliyewahi, akafanya yote aliyoambiwa, na bado ikamrudia. Badala yake nikakuta tangazo la mtindi. Nikanunua mtindi, nikanywa.

3. Kuhusu gurupu. Kwa kuwa mtindi haukunijibu, niliandika kwenye gurupu letu la WhatsApp kwamba kansa yangu imesambaa hadi mifupani, nikauliza kama kuna mwenzangu anayejua dawa wanazopewa watu wa aina yangu. Katibu wako Ingrid alinitoa kabla sijapata hata jibu moja. Baadaye akanipigia simu kwa sauti ya upole, sauti ile ya kumbembelezea mtoto ameze kwinini. "Mama Miza, usikasirike, tunakupenda sana. Lakini unavunja wenzako moyo." Nilimwelewa. Katika umoja wa washindi, mtu aliyeshinda kisha mechi ikarudiwa analeta nuksi. Nikamuuliza kama nirudishe tisheti. Akafikiri kidogo, akasema nikae nayo tu, ila nisitoke nayo nje. Basi naivaa ndani, nikikaanga ndagala.

4. Kuhusu elimu niliyoipata kwingine. Nisidanganye kwamba nilikosa washauri. Simu yangu ilijaa sauti za watu wanaojua. Nichemshe majani ya stafeli. Niache sukari. Nimsamehe mtu, ingawa hakuna aliyetaja nani. Nilishauriwa pia mkojo wa ngamia, nikaukataa, si kwa dharau, ila kwa sababu Bujumbura ngamia utamtoa wapi? Mzee mmoja wa Musaga aliniuzia dawa nyeusi ndani ya chupa ya bia, akaapa, "Mama, ukikunywa hii, kansa inakimbia yenyewe." Hakusema uongo. Skana iliyofuata ilionyesha imekimbia kutoka mgongoni hadi kwenye nyonga.

5. Kuhusu kifo changu. Hapa nitaomba uvumilivu wako, maana ndiyo kiini cha barua. Namba yangu ilipotoweka kwenye gurupu, mmoja wenu aliweka vile viganja viwili vya kuomba dua. Wa pili akaweka vyake. Wa tatu akaandika pole kwa familia. Baada ya hapo nani angeuliza? Kuuliza kama fulani kafa kweli ni utovu wa adabu. Na kama kuna aliyeona ajabu kwamba hakuna msiba, alijijibu mwenyewe: si Waislamu hawa, wanazika siku hiyohiyo, tumeshachelewa. Mkasikitika kwa kuchelewa, mkaniweka kwenye ratiba.

Jumamosi ile ya matembezi yenu ya Oktoba, baada ya kazi za pamoja za kusafisha mitaa, nilipanda Musaga kuwatazama mkipita, kwa kuwa barabara haina katibu. Nikawafuata polepole hadi uwanjani Kinanira, nimejifunga mtandio, nimekonda. Nikaona picha yangu kubwa jukwaani. Mlichagua ile ya harusi ya mpwa wangu Marwa, nina mashavu na wanja na kilo zangu zote. Hata mimi sikujitambua haraka. Nilianza kwa kujiuliza yule mwanamke mzuri ni nani, kumbe lo, ni mimi, na nimekufa.

Mlisimama kimya. Nami nilisimama, ningefanyaje? Kisha Dokta Loïc akashika mikrofoni, na nakiri, Bibi Mwenyekiti, sijawahi kusikia mtu akieleza jambo vizuri vile. Alisema kansa ikishasambaa haiondoki, lakini si lazima iue leo wala kesho. Alisema kuna kipimo cha kujua kama inalishwa na homoni, na ikiwa ni hivyo kuna vidonge vinavyoweza kuizuia, kwa wengine hata miaka. Alisema maumivu ya mifupa yana dawa na kuyavumilia hakuna anayekupa medali. Alisema mgonjwa ana haki ya kuuliza yote haya. Kisha akashusha sauti. "Kwa bahati mbaya, marehemu Miza hakuuliza."

Marehemu Miza alikuwa kwenye benchi la nje, Bibi Mwenyekiti. Mlango ulikuwa umefungwa.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja muuza samaki wa Ruziba, jina lake Scholastique, analia kwa kwikwi. Akanishika mkono. "Pole mama, ulikuwa unamujua?" Nikasema kidogo. Akaniambia na yeye iko mu maini, na nyumbani hakuna mutu anajua, na alikuwa anamtafuta huyo Miza tangu aliposoma lile swali lake kwenye gurupu, akachelewa. Nikamwambia hajachelewa. Alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Watu wakatunyamazisha. Tulikuwa tunavuruga kumbukumbu yangu.

Sasa naomba tutumie akili. Katika umoja wako, aliyepona anapata tisheti. Aliyekufa anapata picha, kimya, na maelezo kamili ya daktari kwa mikrofoni. Anayeishi na ugonjwa wenyewe anapata mtindi. Mimi ni mtoto wa duka, najua bidhaa nzuri iko rafu gani. Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Niendelee kuwa marehemu. Nimeizoea hali hii kwa muda mfupi na imenifaa kuliko miezi yote niliyokuwa hai.

(b) Msiondoe matanga yangu haraka. Mkishayaondoa, dokta atanyamaza tena, na bado nina maswali kuhusu nyonga.

(c) Kila mwanamke ambaye kansa yake imesambaa atangazwe kuwa amefariki, kwa zamu, angalau mara moja kila msimu, na awekewe kiti nyuma ya jukwaa asikilize. Tukianza na Scholastique itapendeza, kwani habari za maini bado hatujazisikia.

(d) Marehemu waruhusiwe kuuliza maswali. Kaka zao wasubiri kwenye benchi.

(e) Kijitabu kipya kiandikwe na marehemu wenyewe, ila mtindi usiondolewe, maana kuna siku za dawa ambazo ndicho kitu pekee kinachokaa tumboni. Hilo pia lingefaa kuandikwa mahali.

(f) Ikionekana kwamba utaratibu huu unafaa, uenezwe hospitalini. Mgonjwa akifika, kwanza atangazwe amekufa, familia ilie, ichoke, iende nyumbani. Kisha daktari afungue mlango na wazungumze wawili.

Sitarajii upinzani. Faida ni ya pande zote: ninyi hamtaona tena mtu wa kuwavunja moyo, na sisi tutaelewa tunaumwa nini.

Nifikishie salamu kwa Ingrid, mwambie sina kinyongo, simu yangu bado inalia akinipigia. Msalimie Dokta Loïc, mwambie hotuba ilikuwa nzuri na marehemu ameipenda. Wasalimie washindi wote na tisheti zao, wazifue kwa maji baridi zisije zikatoka vipele. Msalimie mwenye kiwanda cha mtindi.

Naishia hapa nisije nikaonekana mzima.

Mimi, ambaye mlinililia vizuri,
Miza Haitham (marehemu)

Baada ya kutia sahihi: Barua hii ilikaa dukani wiki nzima kwa sababu sikuwa na moyo wa kuituma. Jana nimeenda kwa Dokta Loïc. Alinyanyuka kitini aliponiona, akashika ukuta, halafu akaniomba radhi, na sikuwa na maneno ya kejeli ya kumjibu. Zayd alibaki nje. Tulikaa wawili, akanieleza kila kitu, polepole, na mara ya pili nilipomuomba arudie. Majibu ya kile kipimo aliyakuta kwenye faili langu la tangu nilipokatwa titi. Kansa yangu hailishwi na homoni. Vile vidonge si vyangu. Kuna dawa nyingine, ngumu zaidi, tunaanza wiki ijayo, na hajui itanipa muda gani, na alisema hajui. Nimelia, Chanelle. Nimelia njia nzima mpaka dereva wa teksi akazima redio. Lakini nilijua ninachokililia.

Futa yote niliyoandika hapo juu. Sitaki kuwa marehemu, hata kwa saa moja. Naogopa sana, na nataka kuishi. Nirudishe kwenye gurupu leo, kwa jina langu, na uandike wazi kwamba ugonjwa wangu umesambaa na kwamba ninajibu simu. Kuna mwanamke humo anasoma kimya, na hajui ampigie nani.