Bi Kaure na Nyota za Unga

Jumatatu, 19 Desemba

Krismasi hii sitayumba. Nimeapa. Mwaka jana keki iliungua, mimi mwenyewe nikaungua kidole, na wanasesere wangu wazuri kuliko wote wakaogeshwa ndani ya ndoo ya maji ya kunywa. Mwaka huu mambo ni matatu, na yote yatakwenda: mapambo nitayatengeneza kwa mikono yangu, biskuti nitazioka mwenyewe, na Bi Kaure atakuwa wangu.

Bi Kaure! Mwanasesere wa jirani yetu Bibi Cherehani, fundi nguo mstaafu. Kichwa na mikono ya kaure halisi, kiwiliwili na miguu ya kitambaa, gauni la njano. Chini ya unyayo wa kushoto ana mshono wa uzi mwekundu aliotia bibi mwenyewe. Sasa bibi anahamia kwa binti yake, chumba ni kidogo, vitu anavigawa. Amesema siku ya Krismasi atakuja kwangu kunywa chai, na Bi Kaure atakuwa kapuni. Atamwacha na mtu ambaye atampenda. Nilimwelewa papo hapo: anataka kabati la kioo, pasiwe na vumbi wala vidole.

Tatizo ni wifi yangu. Naye anakusanya wanasesere, naye amealikwa. Kabati lake lina taa ndani. Hana mtoto hata mmoja. Mimi ninao wawili: Kiroboto, miaka minne, hatulii, na Tingatinga, miaka miwili, akipita hakibaki kitu kimesimama. Leo Tingatinga amekalia miwani yangu. Nimeipeleka kwa fundi. Si neno. Macho yangu mazima kabisa, ile miwani nilikuwa navaa kwa heshima tu.

Jumanne, 20 Desemba

Baba watoto amenikuta na unga puani na gundi kwenye nywele, akanikumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Nikamjibu kwamba mimi nimeshika matatu, kwa hiyo methali hainihusu.

Mpango wangu ni huu. Mapambo ya mti yanatengenezwa kwa unga wa chumvi: unakanda unga, chumvi na maji, unakata nyota, unaoka mpaka zinakuwa ngumu kama jiwe, unatundika. Watoto wakae na unga wao wa chumvi, mimi na unga wangu wa biskuti. Meza moja, kikatio kimoja, oveni moja. Na ili zisichanganyike, za mapambo tutazitoboa tundu la uzi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake!

Nikatoka kidogo kumtoa Tingatinga ndani ya kabati la sufuria. Niliporudi, Kiroboto alikuwa ametoboa nyota zote. Zake na zangu. Eti hata zangu nazo zinataka kupumua. Kisha akazichanganya kwenye masinia ili ndugu wasitengane.

Sikubabaika. Nikazioka zote, nikaketi kuzichambua. Zimetoka za aina mbili, nyeupe na za kahawia. Nikafikiri. Sukari ni nyeupe, kwa hiyo nyeupe ndizo biskuti. Baba watoto akauliza, na chumvi ni rangi gani? Nikamtuma dukani. Aliporudi akanishauri angalau nionje. Nikamwambia mwokaji anayeonja ni mwokaji asiyejiamini. Za kahawia zimekwenda kwenye boksi la mapambo, nyeupe kwenye kopo la wageni. Nimelifunga kopo kwa utepe.

Alhamisi, 22 Desemba

Tumepaka nyota rangi na kuzitundika mtini. Nimetumia rangi ya keki, maana Tingatinga hulamba kila kitu, hata kitasa cha mlango. Sijapata kuona watoto wakipenda mapambo namna hii! Tingatinga habanduki kwenye mti. Anakaa chini yake kutwa nzima, ametulia, mdomo mwekundu, macho yamelegea kwa furaha. Nimemwambia baba yake kwamba mtoto huyu ana jicho la sanaa.

Ila nyota zinapungua. Matawi ya chini yamebaki na nyuzi tupu. Sielewi.

Wifi alipita jioni, eti kunisalimu. Salamu gani za kukodolea kabati la watu? Akauliza kama watoto huwachezea wanasesere wangu. Nikamwambia watoto wangu hata hawajui kama nina wanasesere. Papo hapo Kiroboto akapita akimburuta mmoja kwa nywele, akaniomba dawa ya homa. Mgonjwa hajala tangu asubuhi, alisema. Wifi akatabasamu mpaka akaondoka.

Ijumaa, 23 Desemba

Sisimizi! Wameingia kupitia dirishani, wamepita ukutani, wamepanda mti mzima mpaka kileleni. Nimesimama pale nisijue nicheke au nilie. Nyota ni za chumvi. Sisimizi na chumvi wapi na wapi? Baba watoto alisema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba kwa anavyojua yeye sisimizi hufuata sukari. Nikamweleza kwamba sisimizi hawa wamekosea. Akatikisa kichwa, akaenda kukaa nje.

Nimewafagia kwa brashi ya rangi. Wamerudi. Nimewafagia tena.

Jumamosi, 24 Desemba

Keki imetumbukia katikati. Tingatinga alifungua oveni kuangalia kama keki imelala. Basi, kesho tegemeo ni biskuti.

Kabati linang'aa. Wanasesere wote nimewachana nywele na kuwapanga kwa urefu, mgonjwa wa homa nikamficha nyuma. Kesho watoto watakaa chumbani na baba yao mpaka wageni waondoke. Tumefanya mazoezi. Kiroboto akauliza kwa nini Bibi Cherehani asiwaone. Nikasema bibi anapenda nyumba tulivu. Akasema si kweli, juzi walicheza wote mchezo wa kujificha, na bibi ndiye aliyepiga kelele zaidi. Watoto hutunga mambo! Nimemwahidi pipi.

Nikimkosa Bi Kaure nitakuwa namtazama kwenye kabati la wifi kila tukialikwa, naye wifi atakuwa ananitazama nikimtazama. Siwezi. Kweli siwezi.

Jumapili, 25 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Wageni walifika. Wifi na hereni mpya, Bibi Cherehani na kapu lake. Bi Kaure akawekwa mezani, gauni la njano, mikono imekunjwa. Roho iliniruka. Nikamimina chai, nikafungua utepe, nikapitisha kopo.

Wifi aliuma kwanza. Ikasikika "ka!" Akashika shavu, macho yakamtoka. Nikafikiri ni kijicho. Bibi Cherehani, mtu wa adabu, aliichovya yake kwenye chai akangoja. Akangoja sana. Akanywa chai, akakunja uso, akaiuma ile nyota kwa nguvu. Alipoitoa mdomoni, meno yake ya bandia yalitoka nayo.

Nikasema ni mapishi mapya.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mlinzi wao alikuwa amelala fofofo, nasikia yeye ndiye aliyekula pipi. Kiroboto akatuangalia, akaenda kwenye mti, akachuma nyota ya bluu, akaipuliza sisimizi watoke, akamletea bibi. "Bibi, za kula ni hizi. Zile za mama ni za kutundika." Tingatinga akaja nyuma yake na moja kila mkono, mashavu yamejaa.

Bibi akapachika meno, akaionja. Akasema ni tamu sana. Akaomba nyingine.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini hakuna aliyekuwa ananiangalia tena, maana Kiroboto alikuwa amemchukua Bi Kaure. Nikapiga kelele asimguse! Hakunisikia. Alimkalisha mapajani, akamfuta mdomo, akamlisha chembe ya biskuti, akampapasa miguu. Akamwambia bibi kwamba mtoto ana baridi. Akamfunga kitambaa cha meza, kile changu cha kudarizi, kikombe kikaanguka. Alipouona ule uzi mwekundu unyayoni akauliza kama palimuuma. Bibi akasema aliumia, ndiyo, akashonwa, na hakulia. Kiroboto akaubusu.

Bibi Cherehani akatoa leso. Akasema kile kiwiliwili alikishona yeye mwenyewe, wakati binti yake alikuwa mdogo kama huyu, na tangu binti alipokua, mwanasesere yule amekaa juu ya kabati miaka yote bila mtu kumshika mkono. "Nilikuwa namtafutia mtu. Kumbe mtu mwenyewe alikuwa humu humu nyumbani. Mjukuu wangu, huyu ni wako."

Wake? Wa Kiroboto? Na kabati langu je? Nimelifuta mara ngapi lile kabati!

Wifi aliondoka amefunga shavu kwa skafu. Hilo lilinifariji kidogo. Bibi aliponiaga alinishika mikono yote miwili, akaniambia nina nyumba nzuri. Machozi yalinitoka. Sijui kwa nini. Labda ni ile chai.

Jumatatu, 26 Desemba

Bi Kaure analala kitandani na Kiroboto. Amepanda baiskeli. Amekwenda kumsalimu kuku wa jirani. Leo mchana nimemkuta chooni, amekalishwa, anasubiriwa amalize. Kaure halisi! Kila nikisikia kitu kimeanguka, nywele zinanisimama.

Nimejaribu kwa wema. Nikamwambia Kiroboto kwamba Bi Kaure angependa kabatini, kuna wenzake. Akasema alimuuliza, amekataa.

Lakini mama hakosi njia. Katika wanasesere wangu yupo mmoja wa kimo kilekile, nywele zilezile, kichwa cha plastiki kinachong'aa. Nitamshonea gauni la njano, kisha Kiroboto akilala mchana nitawabadilisha. Wa plastiki kitandani, Bi Kaure kabatini. Hakuna atakayeumia, hakuna atakayejua. Kiroboto alisimama pembeni ya cherehani nikishona. Nikamwambia ni gauni la mdogo wake Bi Kaure. Akafurahi, akanishikia pini. Nilihisi aibu kidogo, ikapita.

Jumanne, 27 Desemba

Ushindi!

Asubuhi nilimvalisha wa plastiki gauni lake, nikamwacha kwenye meza ya cherehani, nikaenda kutazama oveni. Kurudi, yupo palepale, ametulia, mtoto mzuri. Watoto wakala, wakalala. Nikavua viatu. Nikaingia chumbani, nikamchomoa yule wa kitandani taratibu, nikamlaza yule wa mezani mahali pake. Kiroboto hakutikisika. Nikatoka kwa vidole vya miguu, nikafungua kabati, nikaweka, nikafunga, ufunguo nikautia mfukoni.

Baba watoto alinikuta nikicheza peke yangu. Akaanza hadithi ndefu, eti asubuhi nilipokuwa kwenye oveni, Kiroboto alimleta Bi Kaure mezani kumsalimu mdogo wake, kisha akamwacha palepale apumzike, akaenda na yule mdogo kitandani naye apate zamu ya kulala na watu. Nikamwambia sina nafasi ya michezo ya watoto, mimi nina kazi ya kitaalamu. Akanitazama. Akaenda kukaa nje.

Kiroboto alipoamka nilisimama mlangoni, nimebana pumzi. Alimgeuza wake miguu juu, akautazama unyayo, akambusu, akaja kunikumbatia. Akasema asante mama kwa kumrudisha. Maskini, hajui lolote! Nusura nimhurumie.

Nimemtazama Bi Kaure wangu jioni yote kupitia kioo. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani, lakini vitu bora huwa vyepesi. Ule uzi mwekundu unyayoni siuoni tena. Utakuwa umechujuka na yale mateso ya jana chooni. Nimemwokoa kwa wakati.

Kesho nimemwalika wifi chai, aje aone kwa macho yake. Biskuti ziko ovenini sasa hivi, pamoja na nyota za mwaka mpya, maana moto ni uleule, kwa nini upotee? Safari hii nitazitofautisha kwa rangi.

Fundi wa miwani amepiga simu. Anasema iko tayari tangu Jumamosi. Nimemwambia asiwe na haraka, mimi naona vizuri tu.