Oili ya Namba Sufuri

Jumatatu, 8 Septemba

Mimi nimezaliwa na bahati. Wengine hupewa mali, wengine nywele. Mimi nimepewa gari lisilovuja. Bagamoyo nzima, kila gari kuukuu huacha doa pale lilipolala. Kipanga wangu haachi! Miaka yote niliyokaa naye, hata tone. Mafundi huja kumchungulia chini na kuondoka wanatikisa vichwa.

Wiki nzito hii, na nimeshachoka kabla haijaanza. Jumamosi nampeleka Shamsia kwa mumewe Mlingotini. Binti wa marehemu kaka yangu Salumu, nimemlea tangu ana meno ya utoto. Akiwa darasa la tatu nilimwahidi: siku ya harusi yako hupandi gari la mtu, unapanda la baba yako mdogo. Jumapili sasa, mashindano ya magari Msata, yale yetu sisi wapenda mwendo tusio na wafadhili.

Mke wangu Sikuzani ameuliza kwa nini injini moja ipewe kazi mbili za mfululizo. Nikamwambia mimi nimefika Mombasa, nimefika Lusaka, huko gari moja lina kazi nne. Akaguna. Mguno wa Sikuzani unachosha kuliko maneno ya mtu mwingine.

Jumanne, 9 Septemba

Dukani kwa Nawaf, muuza vipuri. Tumesoma pamoja mpaka la saba. Yeye akaendelea, mimi nikaona elimu imenitosha. Naye anashindana Jumapili, kwa hiyo nimeingia na tahadhari zangu. Nimemwambia nataka oili ya sinthetiki, ile ya wakimbiaji, si hayo maji ya kuoshea masufuria wanayowekewa wenye teksi.

Akanipa somo. Namba ya kwanza kwenye galoni ni ya injini ikiwa baridi, ya pili ni ikishapata moto. Nikamwambia Bagamoyo hakuna baridi, basi namba ya kwanza aikate anipunguzie bei. Hakucheka. Akasema injini ya umri wa Kipanga inataka oili nzito, ishirini kwa hamsini, ya kawaida tu. Sili, zile raba za kuziba maungio, zimekauka, na kinachozuia oili isitoke ni uchafu ulioganda mle ndani. Ukiweka sinthetiki nyepesi itausafisha ule uchafu wote, halafu gari litajimwaga lenyewe. Kama roho yangu inataka sinthetiki lazima, nibadilishe sili kwanza, kisha nichukue iliyo nzito.

Nimeshaujua ulimwengu mimi. Tangu lini mshindani akakupa dawa ya kumshinda? Anataka nimnyweshe Kipanga uji, niende Msata ninajikokota, yeye apite na vumbi lake. Tena kamtukana! Eti anashikiliwa na uchafu.

Nikamwonyesha rafu ya juu kabisa. Sufuri kwa ishirini. Sufuri maana yake haina uzito, na kisicho na uzito hukimbia. Hiyo haihitaji sekondari. Akaniuliza kama nina hakika. Akaniuliza tena. Mwisho akapanda ngazi akaniteremshia, anasema haya bwana mkubwa, mimi nimesema. Sauti ya mtu aliyeshindwa.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwaga oili ya zamani. Nyeusi, nzito, imetoka shingo upande kama mgeni aliyeizoea nyumba. Mpya ina rangi ya asali. Nimemtia, nimewasha. Kimya! Nimeshuka kuhakikisha kama injini inafanya kazi.

Nimepita dukani kwa Nawaf nikapiga honi. Nikageuza, nikapiga tena. Nawaf hakutoka. Alitoka mteja wake, akanipungia mkono.

Ijumaa, 12 Septemba

Doa.

Kwanza nikamsingizia mbuzi wa jirani. Nikalala chini nitazame, nikaamka na tone kwenye paji la uso. Mbele ya injini kunatoka. Nyuma kunatoka. Mahali nisipojua pana jina gani, napo kunatoka.

Kumwambia Sikuzani, siwezi. Kumwambia Nawaf, heri niende Mlingotini kwa magoti. Shamsia hayupo wa kuambiwa, yuko ndani anapakwa hina. Nyumba imejaa wanawake wanaochambua mchele, na kila mmoja ana pa kunituma. Nimekwenda kufuata iliki. Nimekwenda kuazima turubai. Miguu haina hali. Ila akili ilikuwa inafanya kazi, na niliporudi uani nikaliona: sinia! Masinia ya kuazima yamepangwa ukutani kwa ajili ya pilau ya kesho. Nikachukua moja pana, nikalifunga kwa waya chini ya injini. Hakuna tone linalogusa ardhi! Kiwandani wangeiita teknolojia.

Jioni Sikuzani akahesabu masinia. Akahesabu upya. Nikamwambia kwenye shughuli vyombo hutembea, asijichoshe. Akasema hilo ni la Bi Miza, shangazi yake Mikdad, bwana harusi wetu, kalileta mwenyewe kutoka Mlingotini. Na Bi Miza hasahau chombo, kila sinia lake kaliandika jina mgongoni kwa rangi nyekundu.

Nikasema nina usingizi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekaa kitandani naandika. Viatu sijavua.

Tulitoka vizuri. Kipanga kapambwa utepe mweupe, Shamsia na Sikuzani nyuma, magari ya msafara yanafuata yanawasha taa za pembeni. Hatujafika mbali, taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye deshibodi. Sikuzani akauliza hiyo nini. Nikasema ya harusi. Kisha injini ikaanza kugonga kama watu wanaopanga viti vya chuma. Nikasimama.

Nawaf alikuwa nyuma yetu na gari lake jipya la kijivu. Akashuka, hakutazama boneti, akaenda moja kwa moja kwenye buti lake akatoa galoni la oili nzito. Alikuwa nalo tayari! Nikamwambia hatuhitaji, injini inapumzika tu. Akasema basi bibi harusi ahamie kwake, kuna nafasi na kuna kiyoyozi. Mawifi zake Shamsia wote wakaitikia ndiyo, ahame, twende zetu, mkwe katuweka juani na maua yananyauka.

Hapo nilichoka kweli. Nikafungua mlango wa nyuma mwenyewe nimtoe mtoto. 

Shamsia hakutoka. Akasema kutoka ndani ya shela lake kwamba yeye aliahidiwa gari la baba mdogo, hata likisukumwa. Halafu akasema, baba mdogo, weka hiyo oili tuondoke, nimebanwa na mkojo. Mawifi wakapiga vigelegele kwa kukosa la kufanya.

Nikaweka. Galoni na oili iliyobaki kalipakata Shamsia, juu ya shela, na mikono yake ya hina. Tukaenda mwendo wa maiti, tunasimama, tunaongeza, tunaondoka. Tumefika! Ameingia Mlingotini ndani ya Kipanga, nami nipo kwenye usukani. Hilo hata Nawaf hawezi kulifuta.

Kwa Mikdad wanawake walikuwa wametandika kanga kutoka mlangoni mpaka barabarani, mpyampya, bibi harusi asikanyage mchanga. Nikataka kusogea karibu kabisa, kwa heshima. Gurudumu la mbele likapanda kanga ya kwanza. Nikafunga breki. Sinia lilikuwa limejaa, na sinia halijui breki.

Sitaki kuandika kelele zile. Oili ilikwenda kanga ya kwanza, ikaenda ya pili, ikaanza kuitafuta ya tatu. Bi Miza akapiga magoti aokoe kanga yake, akainamisha kichwa chini ya gari, akakaa hivyohivyo. Alipoinuka hakupiga kelele. Aliuliza kwa adabu kabisa jina lake linafanya nini huko.

Sikuzani akanitazama. Hakuguna. Heri angeguna.

Shamsia akakusanya nguo zake, akaruka dimbwi kama tulivyokuwa tukiruka madimbwi ya masika nikimpeleka shule, akanishika bega asianguke. Alikuwa anacheka mpaka shela linatikisika. Akaninong'oneza kwamba baba yake angekuwepo angekaa chini kwa kucheka. Nikamjibu ni jasho hilo usoni mwangu.

Jumapili, 14 Septemba

Alfajiri nimepata mwanga. Kwa nini Nawaf alikuwa na galoni la oili nzito ndani ya buti siku ya harusi? Alijipanga! Nikaimwaga yote iliyokuwamo kwenye injini, nikarudisha sufuri kwa ishirini iliyokuwa imebaki, na ile iliyosalia kwenye sinia nikaichuja kwa kitambaa. Nikaenda Msata.

Bendera ikashushwa. Kipanga akaruka! Akapiga kelele moja sijawahi kuisikia kwa mnyama wala chombo, akanyamaza. Hatukuufikia mgeuko wa kwanza. Magari yakanipita. Nawaf naye akanipita, akasimama, akarudi kinyumenyume, akanifunga kamba akanivuta nje ya njia. Kwa hilo akatolewa kwenye mashindano. Akanivuta mpaka Bagamoyo. Amefanya hivyo ili watu wamwone. Nimemshukuru kimoyomoyo, lakini nimemjua.

Jumatatu, 15 Septemba

Nafua kanga za Mlingotini. Sabuni ya pili hii. Sinia nalo nimeambiwa nilisugue mpaka jina tu ndilo libaki jekundu.

Nawaf kapita kunijulia hali. Kasema injini ifunguliwe yote, na nisiweke kitu chochote humo mpaka sili mpya zifike. Chochote! Mtu akikukataza kwa nguvu hivyo, ujue kuna siri. Nimempigia jamaa yangu Dar, yupo njiani na oili ya sufuri kwa kumi na sita. Nyepesi zaidi.

Sikuzani kafagia pale Kipanga anapolala. Kachimba kidogo kwa jembe, kachimba tena, mchanga bado mweusi. Kauliza oili ya juzi imewezaje kushuka kina cha mpini. Kisha kaegemeza jembe ukutani na kuingia ndani.

Basi. Gari langu linavuja tangu siku niliyolinunua. Kila alfajiri nafukia doa kwa mchanga.