Kengele ya Shemasi

Jumanne, 3 Machi

Nimekanyaga maji zuliani kwa soksi safi. Hayakuwa maji. Binti yangu aliniletea mtoto huyu wa mbwa ili niwe na mtu wa kuzungumza naye zaidi ya picha ya marehemu mama yake. Nimemwita Shemasi, kwa ajili ya ukosi wake mweupe. Mama mwenye nyumba, akaaye chini yetu, amepanda ngazi akihema. Dari lake limelowa. Kasema mzee wangu nakuheshimu, lakini Jumapili nakuja kukagua. Nikikuta hata tone, mbwa ahame. Nimemwomba radhi. Nikamwomba radhi na Shemasi, maana alisikia yote.

Jumatano, 4 Machi

Nimepata shauri! Shule ya misheni tulifanya kila jambo kwa kengele, hata kwenda chooni. Mbwa ashindwe? Nimetoa kengele yangu ya mkono kabatini. Utaratibu: napiga kengele, navaa viatu, nafunga tai, tunashuka uani. Marehemu hakuniruhusu kutoka bila tai, nami sioni sababu ya kumwasi sasa.

Kengele ikalia. Nikiwa kwenye kiatu cha pili, Shemasi akamaliza haja zake zuliani. Alionekana mwenye haya. Nikampa pole na biskuti.

Alhamisi, 5 Machi

Shemasi hangoji tena hata kiatu cha kwanza. Kengele, zulia, kisha anaukodolea macho mfuko wa biskuti. Uani, hakuna kitu! Fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye paka wake hutumia sanduku la mchanga bila kuambiwa, kaniuliza mzee, nani hapo mwalimu? Nimemtakia siku njema. Sikumaanisha, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 6 Machi

Kufua zulia. Mgongo, ee mgongo! Nimeongeza vipindi vya kengele.

Jumapili, 8 Machi

Zulia kavu, limepigwa pasi. Mama mwenye nyumba akabonyeza kengele ya mlangoni. Nikafungua, kidole chake kingali kwenye kitufe. Shemasi akaja mbio, akatii. Juu ya kiatu kipya cha mama!

Fundi, mlangoni pake, alicheka hadi akashika ukuta. Kisha, kwa haki, akatutetea: mama, mbwa ameitwa, kaitika, huyu mzee ndiye anampigia kengele halafu anakwenda kufunga tai. Nikamfuta mama kiatu kwa leso yangu. Akasema haya baba, nakupa wiki moja. Ukiamka tu, mbebe mbwa, shuka na malapa tu miguuni. Na hizo biskuti ukome!

Jumatatu, 9 Machi

Nimeyatafakari maneno yao. Ni watu wema. Lakini malapa, hapana. Kosa langu sasa naliona: kuvaa baada ya kengele. Dawa ni kuwa nimevaa wakati wote. Basi nikajilaza usingizi wa mchana, viatu miguuni, tai shingoni, kengele kifuani, Shemasi kando yangu juu ya blanketi.

Nikageuka. Ikalia.

Nimempa pole na biskuti.