Upupu wa Studio

Jumatatu, 3 Machi

Leo mwalimu wa muziki ametupeleka studio ya chuo kikuu. Ajabu! Mapazia meusi, kamera darini, spika kila pembe. Huhitaji kushika ala. Unainua mkono, chumba kinaimba. Unakanyaga sakafu, ngoma inalia, na ukuta mweupe unamwagikiwa rangi. Dada anayesimamia mitambo tumembandika jina la Fundi Sauti. Amesema Jumamosi kuna maonyesho ya wazazi. Alhamisi atachagua mmoja wetu ayafungue, peke yake.

Twiga (ndiye mrefu kuliko wote darasani, na anajua) akalala kwenye mkeka uliotandikwa katikati, akainuka polepole. Ikasikika mvua. Nikafuata mimi. Akasikika kuku aliyekanyagwa. Twiga akauliza kama tumwite daktari wa mifugo.

Nyumbani nimemweleza Mama. Yeye ni muuguzi, na hajawahi kufika kwenye shughuli yangu hata moja, zamu hazimwachi. Alikuwa anapiga pasi. Akasema nikichaguliwa atabadilishana zamu na mwenzake, potelea mbali.

Lazima nichaguliwe!

Jumanne, 4 Machi

Nimefikiri kisayansi. Kamera huona mwili. Mwili mkubwa, sauti kubwa. Nimeazima koti la Baba, jeusi, linalonifika vifundoni. (Baba hajui kwamba ameniazima.)

Aibu! Koti jeusi, pazia jeusi. Kamera ikaona kichwa tu. Kikaelea ukutani kama boga, na spika zikaguna mara moja, kwa muda mrefu. Darasa zima hoi. Twiga akanipa pole kwa kufiwa na kiwiliwili.

Jumatano, 5 Machi

Kama mimi siwezi kupanda, basi Twiga ashuke. Nyuma ya uwanja wa shule kuna upupu. Nimeuchuma kwa mfuko wa plastiki, kwa uangalifu wa daktari mpasuaji. Twiga huanza kwa kulala mkekani. Kesho nafika mapema, naunyunyizia mkeka. Ajikune mbele ya kamera, tuisikie hiyo mvua yake!

Bibi husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini Bibi hajaona mipango yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mkeka nikaunyunyizia. Akaingia Fundi Sauti, akatangaza kwamba ule mtindo wa Twiga wa kulala umempendeza, kwa hiyo leo kila mtu aanze hivyo. Na tuanze na yule mwenye kichwa.

Mimi!

Nikalala. Kwanza mgongo. Halafu shingo. Halafu, ee Mola, kila mahali! Nikajikuna, nikaruka, nikabingirika, nikajisugua sakafuni kama punda. Na hizo spika! Zeze, filimbi, ngoma, vyote vikaamka kwa pamoja. Ukuta ukawaka. Niliporudi kutoka bombani nilikokimbilia, Fundi Sauti alikuwa anafuta miwani. Akasema hajawahi kuona mwili usioficha kitu namna hii.

Twiga akafuata. Akalala palepale, akajikuna palepale. Fundi Sauti akamkatisha: hapa hatuigani, mdogo wangu.

NIMECHAGULIWA! Naandika nimesimama. Siwezi kukaa.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amebadilishana zamu! Ameuona mgongo wangu, akauliza ni nini hiki. Nimesema ni sanaa. Akaguna.

Twiga amekuja dawatini kwangu, shingo imemvimba. Amesema anajua. Nikamuuliza anajua nini. Amesema anasubiri kwa hamu kuniona kesho bila upupu.

Bila upupu? Afadhali amenikumbusha. Studio hatuingii na viatu, ila soksi ruksa. Nimezijaza.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi Mama akanikamata, akanipaka marhamu kuanzia shingoni hadi nyayoni. Mama akipaka, amepaka. Soksi zangu nikazivaa juu yake.

Studio ikajaa wazazi. Mama mstari wa mbele, sare ya hospitali chini ya sweta. Nikalala. Nikasubiri kuwashwa. Wapi! Marhamu! Nikainuka. Nikasimama kama mlingoti. Kimya. Twiga akakohoa, kikohozi cha furaha.

Nikamtazama Mama. Sikujua la kufanya, nikampungia mkono. Spika zikatoa sauti moja, ndogo, nyororo. Mama akasahau aliko, akanipungia. Alikaa karibu mno, kamera ikamwona. Sauti nzito ikaijibu yangu. Nikapunga tena. Akasimama, akapunga kwa mikono miwili. Ukutani rangi zetu zikachanganyika hadi sikujua ipi ni yangu. Makofi! Hata Twiga alipiga, mawili. Mama alikuwa analia, akasema ni mafua.

Nimetafakari sana kilichoniokoa. Bila shaka ni zile soksi. Upupu kidogo lazima ulipenya. Funzo nimelipata: marhamu ni adui.

Mwezi ujao kikundi cha maigizo kinachagua malkia, na Twiga ameshaanza kutembea kimalkia. Upupu uliobaki nimeuficha mahali ambapo hakuna atakayeugusa.

Ndani ya foronya yangu.