Paneli Iliyoazimia Kunizika

Kiwengwa,
11 Februari 2004

Kwa Bwana Talal,
Muuza umeme wa jua, Mji Mkongwe.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima dukani kwako. Mimi pia ni mzima, na hapo ndipo yalipoanzia malalamiko yangu.

1. Mwaka juzi uliponiuzia paneli ulinipigapiga bega ukasema, "Mzee wangu, hii itakuzika." Nikacheka kwa adabu. Nyumbani nikapiga hesabu: paneli miaka ishirini na mitano ya kuishi, mimi nishatimiza sabini na miwili. Kumbe hukuwa na mzaha.

2. Wanangu nao wamepiga hesabu. Paneli imebakisha miaka ishirini na mitatu. Mimi wamenikadiria minane. Iliyobaki wameshaigawa kimirathi, nami nimekaa papo hapo nakunywa chai: Miraji sita, Bakar sita, dada yao Mwanapili mitatu. Sasa hawasemezani, kwani paneli huchoka kidogo kila mwaka na hakuna anayeitaka miaka ya mwisho.

3. Kwa sababu ya chumvi ya pwani, Mwanapili huiosha kila Ijumaa kwa maji matamu na kitambaa laini. Goti langu wiki ya tatu hii halijakandwa. Roho inaniuma, sikufichi.

4. Ulisema jua ni la bure. Kweli, jua halijaniletea ankara. Lakini betri hufa kila baada ya miaka mitatu, kwa hiyo paneli yako itazika betri nane, na mimi katikati yao. Na betri nane ni ghali kuliko paneli yenyewe!

Basi naomba uipunguze paneli miaka kumi, uitie betri. Ikizidi mitano, nitie mimi. Kama haiwezekani, njoo uishushe, unirejeshee fedha zangu, nami nimalizie umri wangu kwa kibatari kama marehemu baba.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, na fundi wako Sami. Mwambie bati alilotoboa bado linavuja.

Ni mimi, ambaye bado nipo,
Gharib Khatib

Baada ya kutia saini: Usije kuishusha. Asubuhi hii Bi Zuleikha wa Kizimbani ameikubali posa yangu, kwa sharti nyumba yake nayo iwe na taa. Niletee paneli ya pili, yenye miaka mingi kuliko ya kwanza. Wanangu usiwaambie, maana hii mimi na yeye tumepanga kuitumia mpaka iishe.